Theluji ya Mwezi wa Agosti

Glavu zilizolowa zina harufu yake: sufu mbichi, jasho la mikono ya watu wengi, na dawa ya kuulia vijidudu. Juzi niliisikia Mombasa, kwenye rundo la mitumba lililonyeshewa mvua, na kifua kikanibana kabla sijajua kwa nini. Muuzaji alinitazama kwa mshangao, maana nani anunue glavu Mombasa? Lakini mimi nilikuwa nimesharudi Dubai, nina miaka kumi, na pumzi inakataa kuja.

Tulikaa Karama, Baba akifanya kazi ya ghala karibu na uwanja wa ndege. Msimu wangu mimi ulikuwa wa baridi. Desemba ikiingia, Baba alizitoa baiskeli roshani, na kila Ijumaa asubuhi tukaendesha kando ya bahari, upepo ukituuma masikio, yeye kajifunga shali utadhani tuko Ulaya. Kifua changu, chenye pumu tangu uchanga, kilitulia miezi ile. Kisha joto likarudi, baiskeli zikarudi roshani, nami nikafungiwa ndani na kiyoyozi kinachonguruma.

Ndipo Mjomba Twaha, mdogo wake Mama, alipopata kazi kwenye ukumbi wa theluji ndani ya jumba moja la maduka. Nje, Agosti ilikuwa inachoma hata vitasa vya milango; mle ndani watu walivaa majaketi na glavu za kuazima, wakateleza kwenye mlima wa theluji ya kutengenezwa. Mjomba aliruhusiwa kutuingiza asubuhi zisizo na wageni wengi. Alinifunga miguu yote miwili kwenye ubao mmoja, akasema, "Kunja magoti, tazama unakokwenda. Miguu haiendi popote bila wewe." Nilianguka mpaka makalio yakafa ganzi. Lakini siku nilipoteleza bila kushikwa, nilipiga kelele kwa furaha.

Mama hakuingia. Alikaa kwenye mkahawa nyuma ya kioo kikubwa, na buibui lake na kikombe kimoja cha chai mpaka kipoe. Pampu yangu ya pumu alikaa nayo yeye, nisije nikaivunja nikianguka. Nilidhani anachoshwa na kutusubiri.

Siku moja nilianguka katikati ya mteremko, nikacheka, na katika kucheka nikavuta funda kubwa la hewa ile ya barafu. Kifua kikafunga. Nilivuta tena, hakikuingia kitu. Mjomba alinikimbilia, akanifungua miguu, akaniinamia. "Pole pole, Mwana. Vuta pole pole." Niliona midomo yake ikicheza, sauti ikawa inakwenda mbali.

Chini mlango ukafunguka. Mama alitoka na viatu vyake vya wazi, kashika buibui kwa mkono mmoja, akaanza kuupanda mlima. Mlinzi alimfuata akipaza sauti, "Madam! Madam!" Hakugeuka. Akateleza, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Mtu aliyekuwa akishuka kwa kasi alimkwepa chupuchupu. Mwishowe aliacha kusimama kabisa, akaja kwa mikono na magoti, pampu kaiuma kwa meno.

Aliitikisa, akanitia kinywani. "Vuta. Zuia. Haya, toa. Tena." Mkono wake haukutetemeka. Nilipoanza kupumua nikaona vidole vya miguu yake. Vilikuwa vimepauka kama jivu.

Nyumbani Baba alisema, "Khalas. Theluji basi, na baiskeli basi. Tahadhari kabla ya athari."

Mama alikuwa anajisugua miguu kwa mafuta ya uvuguvugu. "Atarudi," akasema.

"Zuhura, mtoto nusura afe!"

"Najua, nilikuwapo. Atarudi wiki ijayo, pampu ikae mfukoni mwake."

Nami, wasomaji wangu, nilikuwa nikiomba kimoyomoyo Baba ashinde. Niliogopa mno, nikamwona Mama hana huruma. Wiki iliyofuata nilisimama juu ya mteremko ule, pampu mfukoni, nikamtazama Mama kwa mbali, kaketi wima kama askari, kisha nikajiachia. Nilifika chini nikiwa mzima.

Nilikuwa mtu mzima Mjomba aliponieleza habari za Salim, ndugu wa kati baina yake na Mama. Naye alikuwa na pumu. Bibi alimfungia ndani: asicheze mpira, asioge baharini, asikimbie. Alikuwa akiangalia michezo ya wenzake dirishani, na Mama ndiye aliyemsimulia ya nje kila jioni. Pumu ilimchukua akiwa na miaka kumi na miwili, humohumo kitandani alimokingwa.

Nilichokiona kuwa ugumu wa moyo, kumbe kilikuwa kitu alichokiamua siku nyingi kabla sijazaliwa, na kila Agosti alikilipia peke yake.

Mwaka jana nilimuuliza kama hakuogopa kuniangalia siku ile niliporudi mlimani.

"Nani kakwambia niliangalia?" akasema. "Nilifumba macho mpaka Twaha alipokuja kugonga kioo."