Kamba Isiyo na Ncha

Mpaka leo nikinusa makumbi yaliyofukuliwa matopeni, hasira hunipanda. Namkasirikia mwalimu wetu wa baiolojia, lakini zaidi najikasirikia mwenyewe.

Tulikaa Kibarani, Kilifi, miaka ya themanini. Mama alikuwa msokotaji wa kamba. Aliyafukia makumbi ya nazi, yale maganda yenye nyuzi, matopeni kando ya hori la bahari, yakilainika akayapiga kwa rungu, kisha nyuzi akazisokota kwa viganja, na viganja vyenyewe vilikwishakuwa vigumu kama soli.

Mimi nilikuwa kidato cha nne. Mwalimu alinichagua nishiriki mashindano ya sayansi huko Malindi, na mada yangu ilikuwa bakteria: vipi kiumbe kisicho na kiini hata cha kujisitiria huhifadhi urithi wake. Kromosomu yake ni uzi mmoja, wenyewe wa nyuzi mbili zilizosokotana, uliofungwa duara, urefu wake kama mara elfu ya mwili wake, na bado waingia na nafasi yabaki. Kitabu chetu kilichora kiduara kinachoelea, kikapita. Mshindi angekwenda Mombasa, na mwalimu mkuu aliahidi kwamba atakayefika Mombasa atamwandikia barua ya kuingia kidato cha tano cha sayansi. Sikutaka kitu kingine duniani.

Nilimwomba mama kamba ndefu isiyo na ncha. Akaniuliza kamba ya namna hiyo nitamfungia mbuzi gani. Lakini aliisokota, ya nyuzi mbili, kila uzi ukaungwa na ncha yake yenyewe. Nikajaribu kuishindilia ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, ikagoma, nikaishindilia tena kwa ngumi. Mama akaninyang'anya. Akaizidishia msokoto mpaka ikaanza kujiviringa yenyewe kwa yenyewe, akaikusanya vitanzi vitanzi, akavishika katikati kwa uzi mmoja. Ikaingia, na pembeni pakabaki nafasi ya mkono. Baadaye nilikuja kuona kwamba wataalamu wanasema karibu yayo hayo: uzi husokotwa kupita kiasi, hukunjwa vitanzi, ukakaa katikati ya seli bila ukuta wa kuuzuia.

Likabaki swali la pili. Bakteria hugawanyika, na zile nyuzi mbili lazima ziachane, kila mmoja uende na mtoto wake. Tulizivuta, mimi upande huu na mama upande ule. Hazikuachana. Duara moja limepita ndani ya jingine.

"Kata moja, lipitishe, kisha uliunge," mama akasema. "Hapana njia nyingine hapo."

Akakata, akapitisha, akaunga kwa kusuka ncha ndani kwa ndani, na nilipopatafuta palipokatwa sikupaona. Kisha akazirudisha zilivyokuwa, akanipa mkasi nikawaonyeshe majaji mwenyewe.

Nilipomweleza mwalimu, alinicheka mbele ya darasa zima. Akataka kujua bakteria anaweka wapi kisu. Akaniamuru nikiulizwa niseme nyuzi hutengana zenyewe, na nisiwapelekee majaji mambo ya makumbi. Wenzangu wakacheka naye, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pia.

Siku ya mashindano jaji mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, alilisifu kopo langu. Kisha akaitoa kamba, akazivuta zile nyuzi.

"Hizi zimeshikana," akasema. "Seli yazitenganisha vipi?"

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Mkasi ulikuwa mfukoni mwa sketi yangu. Nikasema hutengana zenyewe. Yule jaji akavuta tena, taratibu, mbele ya macho yangu, akanisubiri. Akaandika kitu, akaenda meza ya pili. Mombasa alikwenda mvulana mmoja na jiko lake la jua.

Niliporudi nyumbani mama aliniuliza kama niliwaambia ikatwe. Nikamwambia hawakuuliza. Akasema huenda walikuwa na haraka.

Nikaishia chuo cha ualimu wa shule za msingi. Huko, katika kitabu kipya cha mkufunzi, nilisoma kwamba bakteria ana vimeng'enya ambavyo hukata uzi, hupitisha mwingine kwenye pengo, kisha huunga pasibaki hata alama. Nilisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Mwalimu wetu wakati huo alikwishapandishwa cheo.

Likizo ilipofika nilimwendea mama mbio, nikamkuta uani anasokota, nikamwambia alikuwa amesema kweli, bakteria hukata. Hakushangaa hata kidogo.

"Sasa wale wa Malindi," akasema, "hata mmoja hakuuliza?"

Nilifungua kinywa nidanganye mara ya pili, uongo haukuja.

"Waliuliza, mama."

"Ukasema nini?"

"Nilisema zatengana zenyewe."

Mikono yake ikasimama. Aliitazama kwa muda, huku na huku, viganja na migongo.

"Kumbe ulinionea haya," akasema, akaokota nyuzi zake.