Mstari wa Kwanza

Dada mtafiti alikaa kwenye mkeka wetu hapa Inyonga, akakunjua karatasi pana yenye visanduku vingi. Kila mstari ulikuwa mwaka mmoja wa maisha ya mdogo wangu, kila kisanduku mwezi. Alitaka kujua jambo moja tu: moshi wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, ulianza kumwingia kifuani lini.

"Moshi ni uleule," alisema, "lakini kifua cha mtoto wa mwaka mmoja si cha mtoto wa miaka kumi. Tukilinganisha watu wengi, huenda tukajua umri gani unaumizwa zaidi. Ndiyo maana nawauliza nyie lini, siyo kiasi tu."

Mdogo wangu, binti wa miaka kumi na tisa anayepumzika mara mbili akitoka kisimani, alijibu haraka. "Nilikuwa na miaka saba. Si ndiyo, kaka?"

Hiyo saba nilimpa mimi, zamani, siku aliponiuliza kwa nini wenzake hawakohoi.

Mama alipomfuata baba kaburini niliacha shule, nikashika shamba la tumbaku. Mdogo wangu ndiyo kwanza alikuwa anatambaa. Nilimbeba kwa kitenge cha mama, vijana wenzangu wakinizomea njiani: "Mama mwenye ndevu, umeshanyonyesha?" Moto wa bani hauachwi peke yake, na mtoto vilevile. Nikawaweka pamoja. Alisimama mara ya kwanza humo ndani, kashikilia gogo la kuni, machozi ya moshi yanamtoka na huku anacheka.

"Kama hukumbuki, kaka, sema hujui," mtafiti alisema. "Kompyuta itakadiria kwa majibu ya familia nyingine."

Neno moja tu, "sijui", na watoto wa watu wengine wangejaza visanduku vya mdogo wangu. Nilitazama mlangoni. Mdogo wangu alikuwa amekaa kizingitini, ananisubiri. Nyuma ya nyumba bani lilikuwa linafuka kama kila msimu.

"Andika miezi minane," nilisema. "Alitembea bani kabla hajatembea uani."

Kalamu ikapanda kutoka mstari wa miaka saba hadi wa kwanza, ikaanza kutia alama kisanduku kimoja kimoja. Ilichukua muda mrefu.

"Sasa hiyo saba uliitoa wapi?" mdogo wangu aliuliza.

"Kichwani."

Alikohoa, akajifuta mdomo kwa ncha ya khanga. Hakuniangalia mpaka kalamu ilipotulia. Kisha akamgeukia mtafiti, akaninyooshea kidole.

"Na huyu mwandike. Anajifanya mzima, ila naye kifua kinalia kama filimbi."

Mtafiti akatoa karatasi nyingine, akaniuliza lini. Sikuhitaji kufikiri. Mwaka ulikuwa wangu wa kumi na tano. Mwezi ni uleule wa kwake.