Tundu la Moshi

Fundi wa viko vya tumbaku pale Kibirichia alichonga mizizi migumu ya vichaka vya mlimani, na kila kiko alikipitisha shavuni kuhisi kama bado kinakwaruza. Tangu augue kiharusi, mkono wake wa kulia ulitetemeka. Asubuhi hiyo nilimwona akishika keke, akiiweka chini, akiishika tena. Tundu la moshi likienda kombo, mzizi uliokaushwa kwa miaka ungebaki kuni.

"Karwirwa, kuja unishike," alimwita mkewe.

Karwirwa akamkamata mkono kwa mikono yake yote miwili, wakatoboa polepole, jasho likimtiririka fundi shingoni. Alipopuliza, hewa ikapita. Hakutabasamu. Alimkabidhi mkewe keke.

"Ile ingine utatoboa wewe. Mimi nitakuonyesha tu pahali."