Mgeni wa Ijumaa

Fundi wa mtaani kwangu aliwasha redio kuukuu ya mbao, na ile harufu ya vumbi linalopata moto ikanirudisha sebuleni kwetu Mangarivotra, mtaa wa mji wa Mahajanga, nchi ikiwa imejitawala juzijuzi.

Majirani walijaa mpaka barazani kuja kuisikia redio mpya ya baba. Ilisema Kifaransa, na kwa kuwa nilikuwa nasoma shule, nikawa mkalimani wao.

"Anasema nchi imerudi kwa wenyewe," nikatangaza.

Jirani mmoja, Mngazija kama sisi tulioitwa wageni nchini, akauliza, "Wenyewe ndio nani? Na sisi tumo?"

Baba akaangalia mkeka.

Koko, ndivyo tulivyomwita bibi, alikuwa mlangoni pa uani anakuna nazi. Akajibu kwa Kingazija, bila kuinua kichwa:

"Hiyo redio imeingia humu Ijumaa. Mimi nimezaliwa Nosy Be, kisiwa cha nchi hii hii, nimezalia hapa Mahajanga, na mume wangu kalala kwenye mchanga huu huu. Sasa mgeni nani?"

Baba, ambaye hakuruhusu mtu aguse vifungo vya redio ile, akainuka akaizima.

"Sema tena, mama," akamwambia. "Wasikie na wa barazani."