Kakangu Alisema Kweli, Mimi Nikatafsiri Uongo

Nimekosa, jamani. Nimekosa na sina wa kumtupia lawama. Mtakaonilaani nilaanini, lakini nisomeni kwanza.

Mimi ni muuguzi hapa Irving, Texas, Marekani, mzaliwa wa Mombasa. Kakangu, aliyenilea baba yetu alipofariki, alikuwa akiishi kwangu na binti yake. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu. Pombe aliianza kwa siri, na sisi ni nyumba ya swala tano! Asubuhi asipopata tone, mikono ilimtetemeka hata chai ikamwagika.

Siku moja akaniambia mwenyewe, "Nipeleke nikatibiwe, mdogo wangu. Nimechoka."

Nikampeleka kliniki ya watu wenye uraibu. Mshauri, mama mpole, akasema wana mkalimani wa Kiswahili kwenye simu, tena bure. Binti wa kakangu alikuwa ameposwa na watu wa Garland, mji wa jirani, na sisi Waswahili wa Texas tunajuana. Je, huyo mkalimani akiwa shangazi yake bwana harusi? Nikakataa upesi. Nikasema mimi muuguzi, nitatafsiri mwenyewe.

Kakangu akafungua moyo. Alisema anakunywa tangu alfajiri. Alisema aliwahi kujaribu kuacha, akaanguka na kutetemeka kama mwenye kifafa. Mimi hata hilo sikulijua!

Nikamgeukia mshauri, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba kaka hunywa bia mbili tatu wikendi, ana mawazo tu. Mshauri akampa miadi ya mwezi unaofuata, akasema ajitahidi kuacha. Hayo nikayatafsiri neno kwa neno.

Garini akaniuliza, "Umemwambia yote? Na ile ya kuanguka?"

"Nimemwambia, kaka. Usi-worry, amesema utakuwa okay."

Akashusha pumzi. "Alhamdulillah. Leo nimepata mtu wa kunisikiliza."

Tulipofika nyumbani akamwaga chupa zote kwenye sinki, akiamini ndivyo alivyoshauriwa. Nilimwona! Muuguzi mzima, najua fika kwamba mnywaji wa namna ile hakatishwi pombe ghafla bila uangalizi. Nikajipa moyo, nikaenda zamu yangu. Kesho yake binti yake alimkuta bafuni, keshakata roho.

Mtoto wa watu ananiuliza mpaka leo, "But Auntie, Baba told them everything, right?" Namjibu ndiyo, aliwaambia. Halafu najifungia chumbani nalia.

Ole wangu! Niliogopa watu wa Garland, na watu hao hao ndio waliokuja kumwosha na kumzika kakangu. Hakuna aliyeniuliza alikuwa akinywa nini.

Ndugu zangu, mkiambiwa mkalimani yupo, mkubalini, hata awe jirani yenu! Ukiona haya, toka ukakae nje. Mwache mgonjwa wako asikike. Wangu alikufa akidhani amesikika.