Ndege wa Gunia Tatu

Hapa Dallas baridi haibishi hodi. Asubuhi unatoka na blauzi, mchana upepo wa kaskazini unashuka, na kabla hujamaliza kula, watu wote kazini wanatafuta masweta kwenye viti vya nyuma vya magari. Wenzangu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi wamenizoea. Wanajua upepo ukigeuka tu, huyu Mtanzania anakuwa kama mtoto aliyeambiwa kesho ni sikukuu. Natandika vitanda huku nachungulia dirishani. Upepo ule unaleta ndege, jamani, na mimi ndege wananitia wazimu.

Sijui yalianzaje. Nilikuta darubini kwenye meza ya vitu vilivyotumika, mbele ya nyumba ya watu waliokuwa wanahama, kioo kimoja kina ufa kama unywele. Nikaijaribu hapohapo. Nikamwona ndege mwekundu mwenye kishungi, mwekundu kama pilipili, amekaa kwenye waya wa umeme anajikuna kwapa. Kwapa! Nilicheka mpaka mwenye meza akanipa na mfuko wake bure. Tangu siku hiyo Jumamosi zangu ziko kwenye bonde la mto Trinity, lile tawi linalopita nyuma ya Carrollton, chini ya barabara kuu ambako malori yananguruma juu na huku chini yangeyange wamesimama kwenye tope hawana habari. Nimesoma mpaka kidato cha nne, na matokeo yangu tusiyaguse. Lakini ndege hawaulizi cheti.

Kuna kikundi cha wastaafu wanaokutana huko kila Jumamosi kuhesabu ndege na kuandika. Kiongozi wao ni bibi mmoja mrefu mwenye kofia pana, na yuko mzee mmoja mwenye darubini kubwa ya miguu mitatu ambayo mtu mwingine haruhusiwi kuigusa. Vuli ile walinikaribisha. Nilijiona nimepanda daraja. Nilikuwa nabeba chupa yangu ya chai na maandazi, nao walikuwa wanayala kwa heshima, mmoja mmoja, kama watu wanaopokea dawa.

Mwaka huohuo mama alikuwa amekuja kutoka Ifakara. Alifika Julai, kwenye joto la kuchemsha lami, akafurahi sana. Akasema Marekani ni Ifakara iliyowekwa sakafu. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya katikati ya Januari. Ila Novemba ilipoingia, na upepo ukamkuta kwenye maegesho ya apatimenti na gauni jepesi, mama alibadilika. Alihamia kwenye tundu la hita. Analala hapo, anasali hapo, anachambua maharage hapo. Wiki haijaisha akampigia ajenti wa tiketi mwenyewe, akamwomba amtafutie ndege ya mwanzoni mwa Desemba. Ajenti akasema nafasi ipo, ila apewe jibu la mwisho kufikia Jumapili ya wiki inayofuata.

Mimi nilihisi kama mtu amevuta kiti nilichokalia. Kiangazi kizima nilikuwa nafanya shifti mbili, nikibadilishana na wenzangu siku kwa siku, ili Desemba yote niwe nyumbani na mama. Ilikuwa imebaki wiki tatu tu nianze likizo. Mama tulikuwa tumekaa naye chini ya paa moja miezi minne na bado nilikuwa sijakaa naye. Natoka amelala, narudi amelala, tunaonana kwenye sufuria, kwa chakula alichonibakizia. Nilitaka mwezi wangu. Lakini kwa mama yangu, ukiomba kitu kwa kulia umeshakikosa. Kwa hiyo sikulia. Nikamwambia tu Jumamosi twende ukaone ndege.

Akauliza nitamlipa nini.

Nilimvalisha suruali mbili, sweta langu, koti, na juu ya yote akafunga kanga kichwani na nyingine kiunoni, maana alisema hawezi kutembea kama hajavaa. Kule bondeni kikundi kilikuwa kimetulia kimya kando ya bwawa lililojitenga na mto. Bibi wa kofia akaniashiria kwa kidole. Kulikuwa na bata mdogo, mgeni wa baridi, dume, kichwa chake cheupe upande wa nyuma kama kafunga kilemba, na mzee wa miguu mitatu alikuwa amemngoja tangu alfajiri. Kwa mara ya kwanza alisogea pembeni akaniruhusu nichungulie kwake. Nilikuwa nimeinama, jicho kwenye kioo, ndipo niliposikia juu yetu mvumo wa mabawa.

Walikuwa ndege weusi wadogo, wale wanaokusanyika bondeni baridi ikianza, mawingu kwa mawingu. Wakapinda juu ya mto, wote kwa pamoja, wakashuka kwenye majani makavu yaliyo na mbegu, ng'ambo ya bwawa.

Sasa lazima nieleze kitu kuhusu mama. Yeye kakulia kwenye mpunga. Kutoka umri wa miaka sita, mpunga ukianza kutoa masuke, kazi yake ilikuwa kuamia ndege. Unapanda juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, alfajiri mpaka jua linazama, una kombeo na madonge ya udongo, na kwelea kwelea wakitua unapiga kelele mpaka sauti inakauka. Ukisinzia, nyumba nzima haili. Kwa hiyo mama kuona kundi linatua kwenye majani yenye mbegu, si jambo analolifikiria. Mikono yake inafikiria.

Alipiga kofi moja kama mlango wa bati uliobamizwa na upepo, akarusha kanga juu, akatoa ile sauti. "Hooo! Swaaa! Hooo!"

Bonde zima liliruka. Weusi waliruka, yangeyange waliruka, mnandi waliokuwa wanakausha mabawa waliruka, hata mbwa wa mtu aliyekuwa anakimbia njiani akajificha nyuma ya bwana wake. Bata wa kilemba alipita mbele ya pua yangu kama jiwe la kombeo, akaenda zake Oklahoma. Mama alikuwa bado kanyoosha mikono juu, uso unang'aa, miaka arobaini imemdondoka. Kisha akageuka akaona nyuso za wale wazee.

Mzee alikunja miguu ya darubini yake, mmoja, wa pili, wa tatu. Mama hajui Kiingereza, lakini hilo lilikuwa halihitaji mkalimani. Akaokota kanga yake, akatembea mpaka kwenye gari, akaingia, akafunga mkanda.

Nilimfuata. Alikuwa anatazama mbele.

"Nimekuaibisha mbele ya watu wako," akasema. "Usingoje hiyo Jumapili. Mpigie ajenti leo."

Niliingia kwenye usukani, na nilikuwa natafuta funguo wakati mtu alipogonga kioo. Ni bibi wa kofia. Nikajua tumefukuzwa, nikashusha kioo taratibu ili nipate muda wa kupanga sura. Kumbe alikuwa na daftari mkononi. Akasema lile kundi la weusi liliruka kabla hawajalikadiria, nao lazima waandike idadi, je, mama yangu aliliona vizuri? Maana yeye ndiye aliyekuwa analitazama.

Nikamuuliza mama. Mama bado ana hasira, hakugeuza hata shingo. "Mwambie ni ndege wa gunia tatu."

Kwetu ndivyo wanavyopima. Kundi halihesabiwi kwa vichwa, nani ana muda huo? Linahesabiwa kwa mpunga ambao lingekula kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri kama mwenye shamba angelala. Nikamweleza bibi kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, nikitegemea acheke aende. Hakucheka. Aliinama dirishani, akauliza gunia la ukubwa gani.

Nikatafsiri. Hapo mama ndipo alipogeuka. Akamtazama yule bibi kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili, akaniambia nimuulize vizuri: anataka gunia la kawaida au lumbesa?

Lumbesa ni gunia lililojazwa likashonewa na kichwa juu, mnunuzi anaondoka na zaidi ya alicholipia. Jaribu kulieleza hilo kwa Kiingereza, kwenye dirisha la gari, upepo unakukata masikio. Nilichora kwa mikono. Bibi akaandika. Mzee wa miguu mitatu naye akasogea, akataka kujua kama gunia tatu ni nyingi. Mama akasema hapana, ni za kawaida, gunia tano ndiyo unaanza kuita majirani. Nilipotafsiri hivyo mzee alitoa kicheko cha ajabu, kama injini ya zamani iliyogoma miezi, na bibi akaniambia nimlete mama Jumamosi ijayo. Akaongeza kwa upole sana kwamba wangependa asipige makofi.

Wiki ile nilikuwa nimebaki na shifti moja tu, na ilikuwa ya vituko. Jioni tukienda dukani, wale ndege weusi wenye mkia mrefu wanaojaa kwenye nyaya za maegesho walikuwa wanapiga kelele zao za mlango usiotiwa mafuta, na mama anasimama na toroli katikati ya njia, magari yanangoja, anawapima. Gunia nane, lumbesa. Alimtumia mdogo wake ujumbe wa sauti, nikausikia kutoka bafuni: huku Wazungu wanawaangalia tu ndege wakila, na wakishashiba wanawaandika. Wakacheka wote wawili, huku na Ifakara.

Lakini kila jioni pia alikuwa anakunja kitu kimoja na kukitia kwenye begi. Jumatatu vitenge. Jumatano ile sufuria yangu nzuri, hata hakuniomba. Ijumaa alilipandisha begi kwenye mizani akaniuliza namba. Mimi nikamsomea namba huku natabasamu kama ubao wa tangazo, nikaenda jikoni nikasimama mbele ya friji iliyo wazi. Sikumuuliza kitu. Niliogopa jibu.

Jumamosi kulikuwa na barafu nyembamba kwenye vioo vya magari. Mama alitangulia kuamka. Tulipofika bondeni alifanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nikiwa kazini nacheka: alichukua kanga ya kiunoni, akanipa ncha, akaniamuru nimfunge mikono. Sikuthubutu kubisha. Nikamfunga fundo laini, tukashuka kwenye bwawa hivyo, mimi na mateka wangu. Mzee wa miguu mitatu alivua kofia.

Walikuja kutoka upande wa kaskazini, juu sana, bila sauti. Mwanzoni nilidhani ni karatasi. Kisha wakazunguka, jua likawapiga, wakawa weupe wenye ncha nyeusi za mabawa, wakubwa, wakubwa mno, wanashuka ngazi baada ya ngazi mpaka wakayagusa maji kwa miguu na kuyalima. Mwari. Ile midomo yenye mfuko. Nilikuwa nimewangoja tangu Septemba. Nilijiuma mkono ili nisipige kelele, kweli kabisa, alama zilibaki.

Mama alikuwa ameganda. Fundo lilikuwa limelegea zamani, kanga imeanguka kwenye nyasi, wala mikono yake haikusogea. Mwari walijipanga mstari, wakaanza kuwasukuma samaki kuelekea ukingoni, wanazamisha midomo kwa pamoja kama wanawake wanaochota maji. Bibi wa kofia akanikonyeza, akanong'ona: gunia ngapi?

Mama alitikisa kichwa. Akasema hawa hawali mpunga, hawapimiki. Akaanza kuwahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, midomo inacheza bila sauti. Alipotea, akarudi mwanzo. Mara ya tatu akafika arobaini na mmoja.

"Hawa wapo kwetu," akaniambia. "Kila mwaka walikuwa wanapita juu ya dungu. Sikuwahi kuwatazama. Hawakuwa wezi, mimi nilikuwa na kazi."

Nikamwambia huku wakishafika wanakaa mpaka Machi. Akaniomba darubini, akaishika kinyumenyume, nikamgeuzia, akacheka alipoona lile jicho dogo la ndege likimtazama. Kisha kioo chenye ufa kikamkera, na mzee wa miguu mitatu, bila kuombwa, akasogea pembeni kumpisha.

Tulikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Kwenye gari mama aliwasha hita mpaka mwisho, akavua viatu, akavitazama jinsi vilivyolowa. Mimi niliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Kesho yake ndiyo ilikuwa Jumapili. Tulipita kanisa, tukapita kituo cha mafuta, tukapita duka tunalonunua mchele, na mimi sijafungua mdomo, na kwangu huo ni muujiza.

"Hapa wanauza wapi gambuti?" akauliza.

Nikasema zipo, nyingi, karibu tu. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya kifaranga.

"Basi pitia. Mpaka Januari mimi siwezi kuja kusimama kwenye tope na viatu vya kanisani. Na huyo ajenti umpigie wewe, Kiswahili chake kinanichosha."

Nilikata kona kwa nguvu mpaka mkoba wake ukamwagika. Akaniuliza kama leseni nilinunua. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, taa ikawaka kijani, nyuma wanapiga honi, na mama ameshaanza kueleza rangi ya gambuti anayoitaka.