Paswadi ya Vipande Vitatu

Kamati yetu ya chai ilichukua muda mrefu kuchagua websaiti kuliko nilivyochukua mimi kuchagua mume, na mume angalau bado yupo.

Kikundi chetu kiko pande za Kiptere. Ni wakulima wadogo, kila mtu na chai yake nyuma ya nyumba, na miaka yote tulipeleka majani kituoni, lori likabeba, tukarudi kukamua ng'ombe. Kisha mama yangu na wenzake wakajifunza kutengeneza chai yao wenyewe, ile ya zambarau, inayosokotwa kwa mkono, kukaushwa polepole na kunywewa bila maziwa. Mnunuzi mmoja wa ng'ambo aliionja kwenye maonyesho ya kilimo akafumba macho. Alisema anaitaka, lakini wenzake kule kwao hawanunui kwa watu wasiowajua. Tumtumie websaiti yetu waitazame.

Basi mama akaanza kuweka kando majani yake bora. Aliyasokota mpaka viganja vikawa vyeusi, akajaza debe baada ya debe chumbani kwake, akangoja. Chai yote hiyo ilitegemea websaiti ambayo haikuwepo bado, na mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati.

Tulimwita fundi wa kompyuta kutoka Kericho mjini, mwanamke mwenye subira. Alieleza kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukodi: kampuni ina kila kitu, wewe unaweka picha na maneno yako, wao wanalinda na kurekebisha, nawe unalipa na kufuata masharti yao. Ya pili ni kuchukua programu ya bure na kuiendesha kwenye seva yenu wenyewe. Inakuwa yenu kabisa, na kila inapotoka apdeti, yaani marekebisho mapya ya programu, ni nyinyi wa kuiweka.

"Nyinyi mko na ng'ombe, mko na chai, mko na mazishi kila wiki," alisema. "Mimi ningewaambia mkodi. Hiyo ingine mkikosa kuapdeti, wezi wanajua mlango iko wapi."

Mwenyekiti akasimama. Ni mwalimu mkuu mstaafu, na hajawahi kutoa maoni akiwa ameketi.

"Madam, kongoi, asante sana," alisema. "Lakini sisi si watu ya kukodi. Angalia hii mashamba makubwa ya chai hapa. Babu zetu waliambiwa hawa watu wamekodi tu. Wameenda?"

Kamati ikapiga makofi. Mimi nikatafuna kalamu. Nijuavyo, katika hadithi hiyo waliokodi ndio walionenepa, na wenye ardhi ndio waliobaki nje ya ua wakichungulia. Kama kweli tulikuwa tunafuata historia, tungekimbilia kukodi siku hiyo hiyo. Lakini kumwambia hivyo mwalimu mkuu ni kujitafutia hotuba, na ng'ombe wangu walikuwa wananingoja. Tukapitisha kwamba websaiti iwe yetu.

Ikabaki paswadi. Huku kwetu kila kikundi kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kila ufunguo una mtu wake, kwa sababu tunapendana sana lakini hatuaminiani. Mwenyekiti akasema paswadi nayo ni ufunguo. Kwa hiyo ikakatwa vipande: mwanzo wa mwenyekiti, katikati ya mweka hazina, mwisho wangu. Mwenyekiti alichapa chake akiwa amefunika kibodi kwa kofia, sisi tukitazama ukuta. Fundi aliomba abaki angalau na njia moja ya kuingia. Akaambiwa kwamba anayejenga nyumba hapewi funguo zake.

"Na siku ya apdeti?" aliuliza.

"Tutaitisha mkutano."

Websaiti ilipendeza, sikatai. Juu kabisa palikuwa na picha ya mama na kikapu mgongoni, anacheka. Mnunuzi akaandika kwamba atawaonyesha wenzake wakikutana.

Haukupita muda mrefu, fundi akanipigia simu: kuna apdeti ya haraka, msichelewe. Nikamtafuta mweka hazina. Alikuwa sokoni Siongiroi anauza mafahali. Nilimsihi anitajie kipande chake kwa simu, akakataa katakata.

"Katibu, simu inasikizwa," alisema, kwa sauti ambayo soko zima lilisikia.

Aliporudi, mwenyekiti alikuwa na mazishi, kisha mazishi mengine. Hatimaye tukakutana sote mbele ya kompyuta. Tukachapa kwa zamu, tukigeukiana migongo. Paswadi si sahihi. Tukarudia. Si sahihi. Na kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kuona kipande cha mwenzake, hakuna aliyejua ni nani aliyekosea. Kila mmoja aliapa kwamba chake anakijua kama jina la mtoto wake. Njia pekee ya kubadilisha paswadi ilipitia barua pepe ya mwenyekiti, ambayo alifunguliwa na kijana wa saiba, duka la intaneti, na hajaiona tena.

Wezi hawakuhitaji kipande hata kimoja. Asubuhi moja nilifungua simu nikaona picha ya mama imezungukwa na matangazo ya kamari, na chini ya kikapu chake dawa za kuwarudishia wanaume nguvu. Mnunuzi na wenzake walikuwa wameshafungua. Aliandika kwa adabu kwamba wamechagua wakulima wengine.

Nilimweleza mama akiwa jikoni.

"Picha yangu waliona?"

"Waliona."

"Pamoja na hizo vitu?"

"Pamoja nazo."

Alichukua kikapu akaenda kuchuma, kwa ajili ya lori. Nilitaka kulia, nikaona aibu kulia mbele ya mtu aliyefanya kazi yote.

Kamati ilikutana tena. Ilibainika kwamba kila mtu, tangu mwanzo, alikuwa anataka tukodi. Tukapitisha bila kupingwa.

"Sasa hiyo paswadi ya kukodi," mwenyekiti alisema, akisimama, "ni nani atachukua mwanzo?"

Wakati huo chai ikaletwa. Ilikuwa ile ya zambarau, kwa maana haikuwa na pa kwenda tena. Wapishi walikuwa wameichemsha kwenye sufuria na maziwa kama chai yoyote. Mwenyekiti akaonja, akakunja uso.

"Hii chai ni nyepesi," alisema. "Mliweka majani kweli?"

Mama, aliyekuwa ameshika birika, akamsogezea sukari.